Kamba ya Iyangura

Brussels

Wazazi wangu, ndugu zangu na majirani wa Buleusa, wakubwa kwa wadogo.

Picha imenifikia. Ilinikuta ndani ya tramu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, natoka kazi ya usiku, nje manyunyu ya huku yasiyojua kukatika. Simu ikatetemeka ndani ya koti. Nikaona ukuta wa jiko la mama, ule wa udongo upande wa migomba, na juu yake mtu mwenye macho makubwa meupe, ananing'inia kichwa chini kwa uzi mmoja. Kachorwa kwa mkaa. Uzi wenyewe unaanzia kwenye ufa wa ukuta, kana kwamba ule ufa uliwekwa pale kwa ajili yake. Chini ya picha mdogo wangu kaandika: "Shangazi, ona mwanao anavyotuharibia nyumba."

Niliitazama mpaka kituo changu kikanipita. Mtoto wa mdogo wangu, wa miaka tisa, asiyekuwa na kitabu hata kimoja cha katuni, kamchora Spider-Man bila kukosea vidole viwili anavyovikunja kurusha uzi. Najua alikomwona. Kamwona kwenye fulana ya mtumba, kisha kwenye kibanda cha video, kama tulivyowaona sisi akina Rambo na Jackie Chan.

Mnakikumbuka kibanda chetu? Turubai juu, mabenchi ya mbao, jenereta nje inayonguruma kupita bunduki za kwenye filamu. Diski zilitoka Uganda na Tanzania, na zile tulizozipenda zaidi zilikuwa na mtu ndani yake: msimulizi. Kule Dar es Salaam alikuwapo Lufufu, ambaye jina lake halisi ni Derek Mukandala, na Kampala wapo akina VJ Jingo na VJ Junior mpaka leo. Mmarekani akisema maneno matatu, msimulizi anasema thelathini. Anampa shujaa jina, anatuonya kwamba yule mwenye miwani ni msaliti, anaeleza kwa nini mama analia. Mimi nilikua nikiamini filamu zote duniani zina mzee wa kuzisimulia. Nilipofika Ulaya na kuingia sinema mara ya kwanza, kimya kile kilinisikitisha. Picha zilipita mbele yangu, hapakuwa na mtu wa kunishika mkono.

Siku hizi nafikiri yule msimulizi alikuwa mwandishi wa kwanza tuliyewahi kukutana naye. Aliichukua hadithi ya watu wa mbali, akaitia chumvi yetu, nasi tukaila kama chakula cha nyumbani. Nitarudi kwake.

Kwanza niwaambie kuhusu mji ninaokaa, maana mnaniuliza kila mara huku kukoje na mimi huwa najibu "baridi" tu. Huu ni mji wa katuni. Mtu mzima na koti lake la kazi anasoma kitabu cha katuni ndani ya metro, wala hakuna anayemshangaa. Tangu mwaka 1991 wamekuwa wakichora mashujaa wa vitabu hivyo kwenye kuta za majumba, ghorofa tatu, ghorofa nne kwenda juu, na manispaa inalipa. Yaani kile mtoto wetu anachogombezwa nacho Buleusa, hapa ni kazi yenye mkataba. Lipo hata jumba zima la makumbusho ya katuni, lililofunguliwa mwaka 1989 ndani ya lililokuwa duka la vitambaa, jengo zuri la chuma na vioo. Nimeingia mara mbili, na mara zote mbili nimetoka nikiwafikiria ninyi.

Shujaa wao mkubwa ni Tintin. Mwaka 1930 mchoraji wake, Hergé, alianza kumpeleka Kongo katika gazeti la watoto. Hergé mwenyewe hakuwahi kukanyaga nchi yetu. Alitazama vitu vilivyowekwa makumbusho ya Tervuren, akasikiliza yaliyosemwa na wamisionari, akachora. Tukatoka na midomo minene, wavivu, tunamwinamia kijana mzungu na mbwa wake. Katika toleo la kwanza Tintin anaingia darasani kuwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946, kitabu kilipochorwa upya kwa rangi, somo hilo likageuzwa kuwa hesabu. Mkongo mmoja anayeishi hapa, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikwenda mahakamani mwaka 2007 kutaka kitabu kile kizuiwe. Mwaka 2012 mahakama ikamkatalia.

Ninapofanya kazi, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, yupo mzee mmoja mwenye kitabu hicho kwenye rafu juu ya kitanda. Alikisoma akiwa mtoto. Usiku mmoja usingizi ulimkatikia, akaniomba nimshushie, akanionyesha kurasa alizozipenda, mamba, swala, treni. Kisha akanitazama, akakifunga taratibu, akaniuliza: "Na ninyi kwenu mlikuwa na hadithi gani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na jambo hilo limeniuma mpaka leo.

Wachoraji tunao. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, anaheshimiwa na hawa wenyeji wa Tintin wenyewe. Papa Mfumu'Eto aliuza katuni zake za Kilingala kwenye masoko ya Kinshasa tangu mwaka 1990, karatasi duni, bei ya mtu wa kawaida, na mji mzima ukazisoma. Watanzania walipata jarida la Sani miaka ya sabini. Lakini mzee yule hakuniuliza habari za Kinshasa wala Dar es Salaam. Aliuliza kwenu, na kwetu ni Walikale, mashariki ya Kongo.

Basi siku ya mapumziko nilikwenda maktaba nikaomba kitabu ambacho nilikuwa nimesikia jina lake tu. Ni hadithi ya Mwindo. Mama mzazi atakumbuka, maana nyanya, mama yake, aliyekuwa Mnyanga, alikuwa akituimbia vipande vyake tukimenya maharagi. Nilidhani ni mambo ya nyanya tu. Kumbe mwaka 1956 fundi mmoja wa karisi, yaani hadithi ndefu za kuimbwa kama hii, Shekarisi Rureke, aliisimulia yote kwa Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga. Aliimba, akacheza, akaigiza, siku 12 mfululizo, wao wakiandika. Mwaka 1969 Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga msomi aliyekuja kuongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Kampala, wakaichapisha California. Ndani yake mna maneno ya Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza. Nililisoma jina la Tubondo, kijiji cha Shemwindo, baba wa Mwindo, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki Brussels, na mikono ikanitetemeka.

Sikilizeni, na mwiteni yule mtoto asikilize. Shemwindo, mtemi mwenye wake saba, anapiga marufuku kuzaliwa kwa mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa vilevile, siku hiyohiyo anatembea na kusema, mkononi ameshika mgwisho wake uitwao konga. Baba anamrushia mikuki, anamzika, mwisho anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Ngoma haizami. Mtoto anaimba kutoka ndani yake, anapanda mto kwenda kwa shangazi yake Iyangura. Njiani amechimbiwa mashimo aangukie humo. Buibui anamtandikia madaraja juu ya mashimo hayo. Wajomba zake ni popo, nao ni wahunzi, wanamvika chuma mwili mzima. Nkuba, yaani radi, anapiga upande wake. Halafu mtoto anashuka chini ya ardhi, kwa Muisa, mkuu wa kuzimu, kumfuata baba aliyekimbilia huko. Na akimpata hamuui. Wanarudi pamoja, baba anakiri kosa lake mbele ya watu wote, wanagawana utawala.

Buibui, popo, mtu wa chuma, radi. Spider-Man alitungwa New York mwaka 1962. Mzee Rureke alikuwa ameshamaliza kusimulia miaka sita kabla, na alipokea kwa waliomtangulia. Simaanishi Wamarekani walituibia. Binadamu popote alipo humtazama buibui akastaajabu. Ninachosema ni kwamba mtoto wetu alipochora mtu wa uzi kwenye ukuta wa jiko, alichora kitu ambacho misitu iliyo nyuma ya jiko hilo ilikuwa nacho zamani, na hapana mtu aliyemwambia.

Mwaka 2018 ilipotoka filamu ya Black Panther, tulivaa vitenge tukaenda kundi zima kutoka Matonge, mtaa wetu wa Waafrika hapa. Nililia kwa furaha kumwona Lupita Nyong'o wa Kenya, na Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, wamesimama kwa fahari. Wakanda ni nchi iliyojificha msituni, yenye madini ambayo ulimwengu wote unayataka, nayo imeyatumia kujijenga yenyewe. Binti yangu akaniuliza tukirudi, "Mama, Wakanda ni wapi?" Nikamwambia haipo. Kisha nikamweleza kuhusu mgodi wa Bisie.

Bisie ninyi mnaijua kwa miguu. Nilimwambia kwamba ndani ya simu yake vipande vyote vimeshikizwa kwa lehemu, na lehemu kwa sehemu kubwa ni bati, na kutoka Bisie peke yake, Walikale yetu, hutoka karibu asilimia 6 ya bati inayochimbwa duniani. Koltani ya Rubaya, kule Masisi, imo pia, kwenye vile vipande vidogo vinavyotunza umeme. Akaigeuza simu akaitazama mgongo wake kwa muda mrefu. Nami nilikuwa nafikiria kwamba kwenu, ili mnitumie picha moja, mtu anapanda kilima na kusimama kwenye jiwe lilelile, mkono juu, akingoja mtandao.

Machi 2025, vita vilipofika Walikale, kampuni ya Bisie ilisimamisha mgodi, na bei ya bati ikapanda London. Habari hiyo niliisoma siku ileile. Habari zenu sikuzipata. Ujumbe wangu kwa mdogo wangu ulikaa na alama moja tu, siku ya kwanza, ya tatu, ya tano. Nilikuwa nikiwageuza wazee kitandani usiku huku simu iko mfukoni mwa aproni, naigusa kila dakika kuona kama imetetemeka. Siku ya tisa ikatetemeka. "Tuko wazima, tulikuwa porini."

Mwindo alipokuwa anashuka kwa Muisa alimpa Iyangura ncha moja ya kamba, yeye akaondoka na nyingine. Akamwambia shangazi yake aishike, akiona kamba imetulia kabisa ajue yeye Mwindo amekufa. Na kamba ilitulia kweli, Muisa alipompiga. Iyangura akalia. Baadaye ikaanza kucheza tena mkononi mwake. Niliposoma ukurasa huo nilikifunga kitabu, nikatoka nje kusimama kwenye mvua, kwa sababu zile siku tisa nilikuwa sijamweleza mtu yeyote, na kumbe zilikuwa zimeshaelezwa Walikale kabla sijazaliwa.

Sasa nina maombi, nayo nayapeleka kwa heshima.

Kwa wazee wetu: kama yupo bado, Ikobo, Pinga au kokote mnakofika, mtu anayeijua karisi, hata vipande, mketini naye. Mdogo wangu amwekee simu karibu, arekodi, awaache na watoto waitikie kama ilivyokuwa. Kila kabila jirani lina zake. Wakobo wanazo, Wahunde wanazo, Wanande wanazo, hata wale tuliokosana nao miaka ya vita wana nyanya zao waliowaimbia. Rekodini zote. Fedha ya mega nitaituma mimi. Kile kibanda cha video nacho kitumike: yule kijana anayekiendesha ana sauti nzuri, jioni moja azime filamu amsimulie Mwindo kwa Kiswahili, kwa namna ya Lufufu, aone kama watu watatoka.

Kwa mdogo wangu: ule ukuta usiusafishe. Ninajua mama anataka kuupaka udongo mpya kabla ya sikukuu. Mwambie nimemwomba aupake pande tatu, wa nne auache.

Kwa mwanangu mchoraji: umechora vizuri, hasa ule uzi kutoka kwenye ufa. Ningependa sasa unichoree buibui anayetandika daraja, na mvulana anayepita juu yake amevaa chuma. Mavazi yake hakuna mtu aliyewahi kuyaona, kwa hiyo utaamua wewe. Konga anaishika mkono wa kulia. Upande mwingine wa shimo mchore shangazi.

Nimenunua penseli za rangi 24 na madaftari mawili yasiyo na mistari. Yuko mama mmoja wa hapa anayesafiri mwezi ujao kwenda Kampala, atamkabidhi dereva wa Butembo, na kutoka Butembo mzigo mtaufuata wenyewe. Juu yake nimeandika jina la mtoto, siyo la baba yake.

Shangazi yenu.