Sola kuanzia Kisesa hadi visiwani: Jua lipo, tuchunge kipimo na mkataba



Sisi wa visiwani hatuhitaji kukumbushwa giza. Mwaka 2008 Unguja ilikaa bila umeme karibu mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 ikakaa tena takriban miezi mitatu, kwa kuwa kisiwa kilitegemea njia moja tu kutoka bara. Waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulikuja mwaka 2013. Hata hivyo, wapo wengi wanaotaka paneli juu ya bati iwe akiba yao, na wauzaji wamelijua hilo.

Ili tuzungumze kwa hesabu, tunachukua mfano wa Kisesa, mji mdogo wa wilaya ya Magu, nje kidogo ya jiji la Mwanza kwenye barabara ya Musoma. Ndugu zetu wa Ukerewe wanaokwenda kwa gari hadi kivuko cha Kisorya hupita hapo. Katika mkoa jirani wa Shinyanga, huko Kishapu, serikali ilianza kujenga mtambo wa sola uliopangwa kufikia megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa megawati 50. Kwa hiyo neema ya jua katika ukanda ule si ya kubahatisha.

Jua linatoa kiasi gani?

Kisesa iko karibu nyuzi mbili na nusu kusini ya Ikweta. Kila mita moja ya mraba ya ardhi hupokea, kwa wastani, uniti 5 hadi 6 za nishati kwa siku. Uniti hii ni ile ile tunayonunua kwa TUKUZA, na bara kwa LUKU. Unguja na Pemba hatuko mbali na kiwango hicho, ila mawingu ya Masika hutupunguzia zaidi.

Lakini paneli haichukui nishati yote hiyo. Nzuri zinazouzwa madukani hugeuza kuwa umeme takriban sehemu moja katika tano. Tena ule wati ulioandikwa mgongoni umepimwa kiwandani, chini ya mwanga mkali kabisa na paneli ikiwa na joto la nyuzi 25 tu. Juu ya bati la Kisesa saa saba mchana, paneli hufika nyuzi 50 na zaidi, na kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza umeme kwa karibu asilimia 0.4. Ongeza vumbi, waya mwembamba na kinachopotea ndani ya betri. Mwisho wa hesabu, paneli ya kweli ya wati 100 huipa nyumba kama wati-saa 350 hadi 400 kwa siku nzuri, yaani chini ya nusu uniti.

Je, zinatosha? Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 100. Televisheni ndogo ya wati 25 kwa saa tano ni 125. Simu tatu na redio ni kama 75. Jumla ni 300, na nyumba inaishi vizuri. Lakini friji ya kawaida inaweza kutaka uniti nzima kwa siku, na pasi ya wati 1,000 humaliza uniti hiyo kwa saa moja. Anayeambiwa kuwa paneli moja ya wati 100 itaendesha friji, amedanganywa.

Kipimo ni amana

Hapa ndipo familia zinapoumia. Kuna paneli zimebandikwa karatasi ya wati 100 ilhali hazifiki hata 50. Kuitambua hakuhitaji ufundi. Beba futikamba. Kwa kuwa mita moja ya mraba hutoa takriban wati 200 kwa paneli nzuri, paneli ya wati 100 haiwezi kuwa ndogo sana kuliko nusu mita ya mraba. Ikiwa ni ya ukubwa wa sinia, karatasi ile ni ya uongo.

Surat al-Mutaffifin imewaonya vikali wanaopunja vipimo, na wati ni kipimo kama kilo na pishi. Tunakumbuka pia hadithi iliyopokewa na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta limelowa ndani, akamkemea mwenye mali kwa kuficha aibu ya bidhaa yake. Muuzaji wa sola anayejua kuwa karatasi si ya kweli yumo katika onyo hilo, hata kama si yeye aliyeibandika.

Mkataba wa kulipa kidogo kidogo

Wengi wetu hatununui taslimu. Tuchukue mfano: seti ni shilingi 300,000 taslimu, au 420,000 kwa mwaka. Je, ziada hiyo ni riba? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1990, lilijuzisha bei ya awamu kuzidi ya taslimu, maadamu pande mbili zimekubaliana bei moja kabla ya kuachana, na ziada haikuandikwa kama riba iliyotengwa na bei. Lakini Baraza hilo hilo lilikataza kumtoza mnunuzi ziada kwa kuchelewa. Faini ya kuchelewa ni riba, hata ikipewa jina zuri.

Vile vile muuzaji hana haki ya kuendelea kumiliki kitu alichokwisha kukiuza. Anachoweza ni kushurutisha kiwe rahani mpaka deni liishe. Ikiwa mkataba unasema ni kukodi hadi kumiliki, basi muda wa kukodi mali ni ya kampuni, na ikiungua bila uzembe wako hasara ni yake. Mkataba unaokutwisha mzigo wa mwenye mali na wa mpangaji kwa pamoja, upeleke kwa sheikh kabla ya kutia saini. Muulize pia kuhusu kifungo cha kuzima taa kwa mbali ukichelewa. Na mwenye deni aliye katika dhiki, Surat al-Baqara aya ya 280 imeamrisha apewe muda.

Nasaha zetu

Andika kwanza matumizi ya nyumba, ndipo uulize bei. Pima paneli. Ielekeze kaskazini kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe. Kwa Unguja na Pemba kaskazini ni karibu sawa na Qibla chako, na Kisesa Qibla kinaelekea kidogo mashariki ya kaskazini. Usiiweke chini ya mnazi, kwani kivuli cha kuti moja hupunguza umeme wa paneli nzima. Betri ya kawaida ya asidi usiitumie zaidi ya nusu. Hewa ya chumvi hula viungo vya waya, basi vikague kila baada ya muda.

Tunamuomba Allah atujaalie rizki ya halali na biashara isiyo na udanganyifu. Wallahu a'lam.