Mama Analala Wapi?

Oktoba 2024, mamlaka za afya za Marekani zilitoa kauli kuhusu maradhi yanayoozesha utumbo wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Zilisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba maziwa ya kopo ndiyo chanzo; kinachoelekea kuongeza hatari ni kukosa maziwa ya mama. Kampuni za maziwa ya kopo, ambazo mwaka huohuo ziliamriwa mahakamani kulipa mamilioni ya dola, ziliipokea kwa furaha. Furaha hiyo imenikera. Kwa Nairobi, kauli ile ni shtaka.

Watetezi wa tiba za majaribio za maradhi haya wana hoja. Bakteria rafiki wamejaribiwa kwa watoto wachanga hata Homa Bay, nalo Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2022 kwamba wanaweza kutumika kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32. Utafiti uendelee. Ila shirika hilo liliweka sharti: watoto hao wawe wanalishwa maziwa ya binadamu.

Yatatoka wapi? Mama wa Kangemi amejifungua kwa upasuaji wiki ya 29. Yeye anaruhusiwa kwenda nyumbani, mtoto anabaki kwenye inkubeta katika hospitali kubwa ya mjini. Mtoto hulishwa mililita chache kwa mpira wa puani kila baada ya saa mbili au tatu, usiku kucha. Mama, na mshono wake mbichi, apande matatu hadi mjini, kisha nyingine hadi hospitalini. Asipokamua mara kwa mara, maziwa yanapungua. Halafu anaambiwa hana maziwa! Ana maziwa gani atakayokamua akiwa kwenye foleni ya matatu? Sisi ndio tuliomtenga na mwanawe, na bado tunamlaumu.

Benki ya maziwa ya mama katika hospitali ya Pumwani, ya kwanza nchini Kenya, ilifunguliwa mwaka 2019. Hupasha maziwa ya akina mama wanaojitolea joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Ni kazi njema, lakini ni ya kuziba pengo.

Mwaka 2021 utafiti katika hospitali tano, mojawapo ya Tanzania, ulionyesha kwamba mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo akibebwa kifuani tangu saa za kwanza, mama akikaa naye wodini, vifo hupungua kwa robo. Kilichohitajika ni vitanda, na ruhusa ya mama kuwapo.

Wizara ya Afya na Kaunti ya Nairobi zitenge fedha za vitanda hivyo katika bajeti ijayo, kabla ya kuidhinisha jaribio lingine lolote la dawa ya utumbo.