Deni la mahakamani haliishii kwenye risiti

Baba amemaliza kulipa kampuni ya kukusanya madeni, risiti kaziweka kabatini. Mwezi unaofuata dalali wa mahakama anapiga hodi, watoto wanatazama. Kosa liko wapi?

Kwa sheria ya Tanzania, deni lililokwisha kutolewa hukumu likilipwa nje ya mahakama, mahakama lazima iarifiwe na kuandika malipo hayo. Yasipoandikwa, mahakama inayokazia hukumu haiyatambui. Mdaiwa asimsubiri mdai. Apeleke risiti mwenyewe mapema, aombe ziingizwe kwenye jalada.

Mama naye aambiwe kabla ya hodi hiyo. Ajue pia kwamba vitanda, matandiko, nguo za lazima na vyombo vya kupikia vya familia havikamatwi.