Mali Bila Daftari: Somo la Wapalestina kwa Nyamongo

Haki ya mnyonge haifi kwa kucheleweshwa. Hufa pale mwenyewe anapoacha kuidai, au anapoidai peke yake. Wananchi wa Nyamongo, wilayani Tarime, pamoja na majirani zao wa ng'ambo ya Mto Mara wilayani Serengeti, hawana budi kuutafakari ukweli huo, na mfano wa kuutafakari upo: ni ule wa Wapalestina.

Mwaka 1948 Wapalestina wapatao 700,000 waling'olewa makwao. Tarehe 11 Desemba mwaka huo huo, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio Namba 194, likatamka kwamba wakimbizi wanaotaka kurudi makwao na kuishi kwa amani na majirani zao waruhusiwe kurudi, na wale wasiochagua kurudi walipwe fidia ya mali zao. Azimio hilo halijatekelezwa hadi leo, lakini halijafa.

Waliolihifadhi si mabalozi. Ni watu wa kawaida. Katika kambi za ugenini, watu wa kijiji kimoja walikaa pamoja na kuupa mtaa wao jina la kijiji walichokiacha. Wazee walitunza funguo za nyumba na hati za mashamba. Wanafunzi waliunda umoja wao mjini Cairo mwaka 1959, hata kabla ya PLO kuundwa mwaka 1964. Wanawake wakaunda wao mwaka 1965. Mjukuu aliyezaliwa ugenini anajua shamba la babu yake lilikuwa wapi.

Tanzania iliuelewa msimamo huo mapema. Ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israel mwaka 1973, na mwaka 1988 ikaitambua dola ya Palestina. Ingawa uhusiano na Israel ulirejeshwa mwaka 1995, Tanzania haijaikana haki ya Wapalestina. Basi taifa linalomtetea mkulima wa mbali juu ya shamba lake haliwezi kumfumbia macho mkulima wake lenyewe.

Ni kweli kwamba mambo haya mawili hayalingani. Mwananchi wa Nyamongo hakufukuzwa na dola ya kigeni. Ni raia katika nchi yake huru, ana sheria na ana serikali ya kijiji. Lakini naye anajua maana ya kuhama. Mgodi wa North Mara ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, Nyabirama, Nyabigena na Gokona hazikuwa pori tupu. Palikuwa na wachimbaji wadogo, mashamba, malisho na makaburi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wengi wanauliza kupona huko kuko wapi. Mwezi Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi mgodini hapo. Mwaka 2013 baadhi ya wanavijiji walifungua madai London, yakamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2015.

Baadaye Serikali ilipata asilimia 16 ya hisa kupitia Kampuni ya Twiga. Hiyo ni hatua ya kujivunia. Lakini hisa za Taifa haziifuti haki ya mwenye shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Shimo la mgodi halilimwi tena. Kwa hiyo fidia isiyomwezesha mtu kupata shamba jingine si fidia, ni nauli ya kuondokea.

Hata hivyo wananchi nao wajikosoe. Tegesha, yaani kujenga vibanda na kupanda miti harakaharaka ili kuvuna fidia, imewaumiza wenye haki kuliko adui yeyote. Kila kibanda cha uongo humpa mthamini sababu ya kuitilia shaka nyumba ya kweli ya mjane.

Dawa yake ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kitongoji kiandike nani alikuwa na nini, wapi na tangu lini. Majirani washuhudie, na daftari lisomwe mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Jina la mwanamke anayelilima shamba liandikwe, si la mumewe peke yake. Waliohamia Musoma, Mwanza na kwingineko watafutwe, kwani kuhama si kukana. Makaburi nayo yaandikwe.

Chama kina matawi vijijini. Kazi ya tawi si kungoja uchaguzi na kugawa kadi. Kazi yake ni kuwa karibu na mnyonge anapoitwa kutia saini karatasi asiyoielewa. Kiongozi wa tawi anayekaa upande wa mthamini huku wanachama wake wakinung'unika nje ameuacha wajibu wake.

Wapalestina wamelinda madai yao kwa miaka zaidi ya 75 wakiwa hawana hata mkutano wa kijiji katika ardhi waliyonyang'anywa. Nyamongo wanao. Wakiuitisha na kuutumia, hapatakuwa na karatasi itakayotiwa saini gizani.