Dalali na Ardhi ya Wajao

Udalali wa ardhi ni kazi halali. Dalali ndiye amjuaye mwenye shamba, na ndiye amjuaye mwenye fedha. Miguu yake ikichoka kwa ajili yao, anastahili ujira. Lakini ardhi si samaki wa mnadani, kwamba kesho watavuliwa wengine.

Bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilipojengwa, likakamilika mwaka 2015, macho ya wanunuzi yaligeukia fukwe zetu. Huko Newala na Masasi nako, shamba la mikorosho ni urithi, si bidhaa tu. Kwa desturi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama. Kijana akiuza peke yake kwa ushawishi wa dalali, mama na mjomba husikia habari mipaka ikiwa imekwisha kuwekwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imekwisha kuamua: haki ya kimila haihamishwi bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji, vinginevyo mauzo ni batili. Sheria hiyo ni ngao ya mkulima wa Newala, kama ilivyo ngao ya mvuvi wa kisiwa cha Mafia.

Tunawasihi viongozi wa wilaya wawaandikishe madalali, na kila mauzo yasomwe hadharani mbele ya wanakijiji. Dalali mwaminifu hatapungukiwa kitu. Mali bila daftari huisha bila habari. Na ardhi ikiisha, wajukuu watamdai nani?