Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui

Apitaye Tudor, katika Kisiwa cha Mombasa, huyaona majengo ya Chuo Kikuu cha Ufundi. Pale ndipo palipoanzishwa chuo cha Waislamu cha ufundi, kilichopokea wanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 1950 kutoka Kenya na nchi jirani. Sheikh Al-Amin hakuiona siku hiyo, kwani alifariki mwaka 1947. Lakini kilio cha elimu ya namna ile alikuwa amekianza zamani.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo wa Mazrui, waliotawala mji huo kutoka Ngomeni kwa karibu miaka mia, hata Sayyid Said bin Sultan alipowaondoa mwaka 1837. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo, akalelewa na mwanachuoni, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Kijana wa ukoo kama huo angaliweza kukaa barazani siku zote akihesabu majina ya mababu, na wengi walifanya hivyo. Yeye alisoma. Alisoma hata maandishi ya Misri, hasa gazeti la Al-Manar la Rashid Rida.

Mwaka 1930 akatoa karatasi yake mwenyewe, Al-Sahifa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ili aliyesoma chuoni tu asikose kuifahamu. Mwaka 1932 likafuata gazeti la Al-Islah, yaani Matengenezo. Maneno yake hayakuwa matamu. Aliwalaumu Waislamu wa pwani kwa kupoteza mali katika sherehe na kwa kuacha watoto wao bila elimu. Papo hapo akawaonya wasiwaige Wazungu pasipo kuchagua. Ni rahisi bwana mkubwa kuwakemea wanyonge. Huyu aliwakemea watu wa baraza yake, waliokutana naye msikitini kila siku.

Mwaka 1937 alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya. Makala zake zilikusanywa katika kitabu, Uwongozi. Mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alifanya kazi katika chuo kile cha Tudor kabla ya kwenda Uingereza kusoma, na baadaye akawa profesa mwenye sifa duniani.

Sheikh aliandika pia, kwa Kiarabu, tarehe ya utawala wa Mazrui. Haikupigwa chapa katika uhai wake. Ilitoka mwaka 1995, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.