Kipimo cha Dume Si Kipimo cha Wote



Familia zetu zilizohamia Nyeri, Karatina na Nanyuki zinaishi miongoni mwa wafugaji hodari wa ng'ombe wa maziwa. Kila mkamaji wa huko anajua kwamba ng'ombe aliyetishwa na mbwa, au aliyepigiwa kelele, huzuia maziwa. Huo si ukaidi. Maziwa hushushwa na homoni iitwayo oksitosini, na hofu inapomwaga adrenalini damuni, kazi hiyo hukwama. Dhiki ikidumu, hata mzunguko wake wa siku 21 huweza kuvurugika, asionyeshe dalili za joto. Mfugaji mwenye busara hamlaumu mnyama, bali huondoa kinachomtisha.

La kushangaza ni kuwa maabara zilichelewa kumtazama jike kwa jicho hilo. Kwa miaka mingi watafiti walipendelea panya madume, wakihofu kuwa mzunguko wa uzazi wa jike, ambao kwa panya ni wa siku nne au tano, ungevuruga hesabu zao. Mwaka 2011 Annaliese Beery na Irving Zucker walionyesha kwamba, katika elimu ya ubongo na neva, tafiti za madume pekee zilizidi za majike pekee zaidi ya mara tano. Mwaka 2014 makala 293 za panya wadogo zilipopitiwa, ilibainika kuwa vipimo vya majike havitofautiani baina yao kuliko vya madume. Hofu ile haikuwa na msingi.

Majike walipopimwa, mengi yalidhihirika. Panya jike akibanwa mahali asiweze kutoka, homoni ya dhiki hupanda kwake kuliko kwa dume, hasa anapokaribia kupevusha mayai. Lakini jike yule yule anaponyonyesha, mwitikio huo hupungua. Mwili wake hubadilika kulingana na kazi uliyo nayo.

Basi asitoke mume akasema, "Kumbe wanawake ndio wepesi wa kutaharuki." Binadamu si panya. Katika jaribio lililobuniwa Trier, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 1993, mtu huhutubia na kufanya hesabu mbele ya wasaili wasiotabasamu. Mate yanapopimwa, mara nyingi kotisoli ya wanaume ndiyo hupanda zaidi, na wanawake hukaribiana nao katika nusu ya pili ya mzunguko. Vidonge vya kupanga uzazi navyo hupunguza mwitikio huo.

Tunayasema haya kwa kuwa majumbani mwetu mke au binti akilalamika kuchoka, kukosa usingizi au moyo kumwenda mbio, jawabu huwa jepesi: "Hizo ni siku zako." Kwa neno hilo ugonjwa hupuuzwa na dhiki ya kweli huachwa bila dawa. Mzunguko ni sehemu ya maelezo, wala si sababu ya kuacha kuuliza.

Wanazuoni wetu hawakuwa na pupa hiyo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, uchache wa hedhi ni mchana na usiku wake, aghalabu yake siku sita au saba, na wingi wake siku 15. Hata hivyo, mwenye damu iliyochanganyika hurejeshwa kwenye ada yake mwenyewe anayoijua, si ada ya jirani yake. Na mume akakatazwa kutaliki ndani ya hedhi. Hukumu haikusema mke hana akili siku hizo. Ilimfunga mume ulimi.

Mama zetu na dada zetu, andikeni tarehe zenu, na mkienda kwa daktari mtajieni tarehe hizo pamoja na vidonge mnavyotumia. Nanyi waume, mkamaji wa Nyeri huuliza kwanza ng'ombe wake ametishwa na nini. Mke ana haki zaidi ya kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.